Kichwa cha Chiriku

Nilipomfungua Chiriku kitambaa cha kichwani, harufu ilipanda kwanza, kisha nikaziona nywele. Rasta za bandia alizosukwa kabla hajaugua zilikuwa zimeshikamana na nywele zake mwenyewe, zikawa bonge moja gumu lililolala upande mmoja wa kichwa kama kiota kilichonyeshewa.

Nami nilifurahi. Furaha ilinipanda toka miguuni. Mkobani nilikuwa na mkasi niliounoa asubuhi ile, na kioo cha mkono. Nilikuwa nimepanga kumkata mpaka ngozi, halafu nimwekee kioo usoni, ajitazame, nami nimtazame akijitazama.

Chiriku tulimwita hivyo kwa sababu ya mdomo wake. Alikuja saluni kwangu hajui hata kushika chanuo. Mimi ndiye niliyemfundisha kugawa nywele kwa njia iliyonyooka na kuvuta msuko bila kumtoa mteja machozi. Wateja walimpenda. Aliwachekesha mpaka wakasahau kuwa wamekaa kitako tangu asubuhi. Akaniita dada, akala mezani kwangu, akaijua nyumba yangu kama kiganja chake. Mume wangu naye akaanza kurudi nyumbani mapema, nikadhani ni kwa ajili yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Walipoondoka, waliondoka pamoja, na hawakwenda mbali: walifungua saluni ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wangu. Kila nilipoinua macho kutoka kichwa cha mteja, nilimwona anacheka.

Kanisa letu lilikuwa moja. Nilijitoa kwenye kwaya, nikajitoa kwenye umoja wa akina mama, na watu wakadhani ni aibu ya kuachwa. Haikuwa aibu. Nilimwombea Chiriku kila Jumapili, ila si maombi ya kusikiwa na watoto. Nilimtajia Mungu viungo vyake kimoja kimoja, nikimweleza kila kimoja nataka kipatwe na nini. Mtu anayeomba namna hiyo, nilijiambia, hana kazi mbele ya madhabahu. Aje, asikilize, aende zake.

Halafu akaugua kweli. Ugonjwa wa mishipa ulimlegeza mikono na shingo, asiweze hata kujikuna. Saluni ya ng'ambo ikafungwa. Mume, ambaye kufikia hapo alikuwa wetu sote na si wa yeyote, akahamia kwa mwanamke wa tatu. Habari hizo nililetewa na mteja nikiwa namwosha kichwa. Ilinibidi nijifanye povu limeniingia machoni, nipate kugeukia ukutani nicheke. Kidogo niliogopa, nikihofia kwamba yale maombi yangu yamejibiwa. Woga ukapita. Raha ikabaki.

Siku chache baadaye Mama Mwenyekiti, kiongozi wa akina mama wa kanisa, aliingia saluni akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Ni mwanamke mfupi asiyejua kuzungusha maneno. Alieleza kuwa wamekuwa wakienda hospitali kumwona mgonjwa, wanaimba, wanaomba, wanarudi. Lakini kichwa kile kimeharibika, wauguzi wamezidiwa na kazi, na ndugu zake wako mbali. Alitaka niende mimi.

Nilimwambia amekosea mlango. Nilimwambia pia, na hili nililisema kwa dhati, kwamba mimi si mtu wa kutumwa na kanisa. Nikilisikia tu jina la yule mwanamke, meno yanasagana. Kama kuna asiyefaa kubeba kazi ya Mungu katika mji huu, ni mimi.

"Najua," alisema.

"Basi mtafute mwenye moyo safi."

"Mungu akingoja wenye mioyo safi, kazi hii ataifanya peke yake. Wewe ni msusi au si msusi?"

Ndipo, nikimtazama jinsi alivyoubana mkoba wake mapajani, wazo la mkasi likanijia, tamu kama usingizi wa alfajiri. Nikakubali upesi kuliko alivyotarajia. Alinishukuru sana. Alipotoka tu, nikalitafuta jiwe la kunolea.

Basi ndivyo nilivyofika kando ya kitanda kile cha chuma, beseni sakafuni, mkasi mkononi, na kichwa cha adui yangu mbele yangu. Chiriku hakuwa Chiriku tena. Mdomo ule uliokuwa haufungi ulikuwa umekauka na kupasuka. Aliutazama mkasi, akanitazama mimi.

"Kata, dada," alisema. "Nilijua ukija utakuja nao."

Hapo hasira ikanipanda upya. Kisasi cha kupewa ruhusa hakina ladha. Nilitaka alie, anisihi, na yeye ananikabidhi kichwa kama mtu anayelipa deni apumue! Nikaurudisha mkasi mkobani. Nikaamua kumfumua rasta zile moja baada ya moja, nikivuta, mpaka ajute.

Lakini vidole vina mazoea yake. Nimeshika vichwa vya watu tangu usichana wangu, na vidole vyangu vilikwisha sahau namna ya kuumiza. Nilipotaka kuvuta, vyenyewe vilishika shina la nywele ili ngozi isivutike. Nilipotaka kuanzia juu, vikaanzia nchani. Nikatia mafuta, nikasubiri yaingie, nikafumua. Moyo wangu ulikuwa bado unatukana, tena matusi ya sokoni, huku mikono ikiendelea na shughuli zake kama mfanyakazi asiyelisikia tumbo la bosi wake likinguruma.

Nilipofika kisogoni alishtuka. Nikainua bonge la mwisho, na chini yake nikakuta kidonda, kipana kama mdomo wa kikombe, kimechimbika kwa kulaliwa. Ndicho kilichokuwa kikinuka. Hakuna aliyekiona, kwa sababu hakuna aliyewahi kuligeuza lile bonge. Nikaita muuguzi. Akaja mbio, akamwita daktari, na daktari akasema kingeachwa zaidi kingefika kwenye mfupa.

Walipomaliza kukisafisha na kukifunga, nilibaki nikiosha nywele zilizobaki. Ndipo Chiriku akaniomba nimwombee.

"Mimi?" nikamwambia. "Mimi sikuja na Mungu. Nilikuja na mkasi."

Nikaendelea kumsuuza povu.

"Waliokuja na Mungu," alisema polepole, "hawakunigusa kichwa."

Sikujua kuomba vizuri hata zamani. Nilimshika kichwa, kikiwa bado kinachuruzika maji, nikasema: "Mungu, unajua huyu alichonifanyia. Sijamsamehe. Mponye kisogo." Hayo tu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaitikia amina.

Kidonda kilipona, na mikono yake ikarudi nusu. Alikwenda kuishi kwa ndugu zake, na kabla ya kuondoka alipita saluni kuniaga. Tulisimama mlangoni kama watu wanaosubiri mvua ikatike. Hatukuwa marafiki, wala hatujawa. Zipo siku bado naamka na jiwe la hasira kifuani, nikaenda nalo hospitalini kuwaosha wagonjwa nywele, maana tangu wakati ule Mama Mwenyekiti hajanipa nafasi ya kupumzika. Nikimwambia moyo wangu haujatakata, ananiuliza kama mafuta ya nywele yapo.

Ila siku ile ya kwanza sikujua hayo. Nilikuwa nimechoka, magoti yananiuma, nakusanya vitu vyangu nirudi kwenye saluni niliyoiacha imefungwa. Yule mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mtu mzima ambaye sikuwahi kumwona, akanigusa mkono.

"Na mimi je, mama mchungaji?"

Nilimwambia mimi si mchungaji. Nilimwambia hata kwenye kwaya nilishajitoa, asije akanihesabu mahali nisipo.

Alikuwa ameshavua kilemba, ameinamisha kichwa. Nikamwaga maji machafu, nikaenda kuchota mengine.