Zamu ya Todd

"Jina la binti yangu Paige haliandikwi pamoja na la mkeo Kelsey. Thubutu!" Marcy alimfokea Todd, mume wake wa zamani, aliyemjia mlangoni kwake mjini Toledo, Marekani.

"Acha mambo yako, Marcy. Jaji alisema tupokezane. Mwaka jana ulimwandika wewe kwenye fomu ya kodi ya mapato, ukapunguziwa kodi. Sasa ni zamu yangu. Tia saini fomu hii ya kuniachia nimwandike."

"Na huyo bibi harusi wako mnajaza kodi pamoja. Kwa hiyo Paige naye awe mtoto wake? Kamzaa lini?"

Garini, Kelsey alikuwa akimsuka Paige nywele na mtoto anacheka. Kicheko kile kilimchoma Marcy. Alitamani kuichana ile fomu.

"Kama ni zamu yako, saini yangu ya nini?"

Todd akashusha macho. "Si unajua? Kwa sababu analala kwako zaidi, na kisheria haki ni yako mpaka uniachie."

"Sema kwa sauti, mkeo asikie."

"Marcy, jamani!"

"Sema, au uondoke."

"Analala kwako zaidi! Haya, umefurahi?"

Kelsey aliinua uso. Marcy alifurahi, ingawa wivu haukumtoka. Akaisoma fomu, akakuta Todd amejaza na sehemu ya kumruhusu amwandike mtoto miaka yote ijayo. Aliikata kwa mstari mnene, akatia saini ya mwaka huo peke yake, akamsukumia kifuani.

"Mwaka mmoja tu. Hiyo mingine mkazae wenu mumwandike."

Akafunga mlango.