Mzee wa Kukalimani

Viatu vya mwoka mikate vilikuwa vimelowa tangu jana, na soksi hakuwa nazo. Aliificha miguu chini ya kiti. Mbele yake alikaa afisa wa wakimbizi, mwanamke mwenye mafua, anapenga kamasi. Pembeni alikaa mkalimani, mzee wa kwao, rika la baba yake kabisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Usiogope. Wewe sema, mimi nitamfikishia."

Afisa akauliza. Mzee akageuza: "Huyo kinyozi aliyeuawa alikuwa nani kwako?"

Njia nzima, ndani ya lori la kuku, chini ya turubai, alijizoeza kulitamka jambo hilo. Lakini alijizoeza kumwambia mgeni. Hakujizoeza kumwambia mtu aliyetoka kumpa shikamoo.

"Tulikuwa tunaishi pamoja, baba."

"Vijana wengi wa kiume wanapanga pamoja."

"Chumba kimoja."

"Maisha magumu, ndiyo."

"Baba... kitanda kimoja. Alikuwa mpenzi wangu. Ndiyo maana walimchoma moto dukani mwake, na mimi wananitafuta."

Mzee akashusha macho, kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu akakuta mtu ndani. Kisha akamgeukia afisa, akasema maneno machache, laini, huku anatabasamu. Afisa akauliza tena. Mzee akajibu mwenyewe. Mwoka mikate hakuulizwa kitu kingine.

Kwenye korido mzee alimshika bega.

"Amekataa. Anasema ugomvi wa majirani hauwezi kukupa hifadhi. Watakurudisha."

"Ugomvi wa majirani? Baba, umemwambia nini?"

"Kwamba marehemu alikuwa kama ndugu yako, mkakosana na majirani. Ulitaka nimwambie ule uchafu? Mama yako angeiweka wapi sura yake? Nimekusitiri, mwanangu."

"Kule wataniua!"

"Basi utazikwa kama mtoto wa watu."

Mwoka mikate akamtoka mbio, akarudi kwenye mlango wa afisa. Umefungwa. Akaugonga kwa viganja mpaka mlinzi, kijana wa nchi ile, akaja kumshika mkono.

"Alikuwa mpenzi wangu!" akamwambia, akijipiga kifua. "Mwambie mama humo ndani! Tulilala pamoja! Mpenzi wangu!"

Mlinzi hakuambulia hata neno moja. Alimtazama usoni, akamwonea huruma, akamwonyesha kwa kidole choo kilipo.