Datsun ya Marehemu na Gari la Derick

Hebu niambie, umewahi kuona gari linaloshindwa kuvuka mfereji ambao hata mbuzi mwenye mimba huuvuka huku akitafuna? Bi Benigna wa Izimbya aliliona Jumapili moja, uani kwake.

Lilikuwa gari la mwanawe, Derick, aliyekuja kutoka Dar es Salaam. La njano kama kiini cha yai, limelala chini kama mjusi, milango yake ikifunguka kwenda juu. Alikuja kuchukua gari jingine: Datsun nyekundu ya marehemu baba yake, Aristides, yenye milango miwili na pua ndefu, iliyofunikwa turubai pembeni mwa nyumba. Alitaka ikasimame ukumbini ofisini kwake, wageni waitazame. Kwenye simu mama yake alijibu tu, "Tutaona, mwanangu." Moyoni hakutaka iondoke, ila hakuzoea kumkatalia mtu.

"Kwanza niyapige picha yote mawili, kongwe na jipya," Derick alisema. "Lakini langu litakwaruzika tumbo hapa mferejini."

"Hilo ni gari au kenge?" alicheka Vestina, wifi yake Benigna. "Kaka yangu alikwenda Muleba masika na Datsun yake, matope mpaka kwenye kioo, gunia la kahawa nyuma. Lako litabeba nini, waitu, mwana wetu? Manukato?"

"Shangazi, hili linakimbia mara mbili ya lile."

"Linakimbilia wapi, nalo limekwama?"

Derick alinuna. Benigna akaingia jikoni kutazama ndizi motoni. Alipotoka, alimkuta mwanawe na panga mkononi.

Mtu wa kibanjani, aliyezoea shamba la migomba, akitaka gogo la kuziba mfereji hutafuta mgomba uliokwisha kuvunwa. Derick, aliyekulia shule za bweni, alikuwa amekata migomba mitatu kandokando ya kaburi la baba yake, mikungu ikiwa bado michanga, ndizi zake nyembamba kama vidole vya mtoto. Akaitupa mferejini, gari likapita juu yake likinguruma, utomvu ukarukia msalaba.

Benigna aliokota mkungu mmoja, ukamnata kiganjani. Harufu ya utomvu ilichanganyika na manukato yaliyotoka garini. Akatema mate, yeye ambaye hakuwahi kutema mbele ya watu.

Derick alikuwa keshaivua Datsun turubai. "Mama, njoo usimame katikati. Sema ukweli, lipi zuri?"

"Lako linanitia kinyaa," alisema Benigna. "Nawe leo unanitia kinyaa."

"Mama, ni migomba tu..."

"Nyamaza. Datsun haiendi popote. Miaka yote baba yako alinipakia kiti cha kushoto, mkoba mapajani, nikitazama miguu yake inavyokanyaga klachi. Sikumwambia yeye, wala wewe." Akajifuta utomvu kwenye kanga. "Nilitaka kuiendesha mwenyewe, Derick. Mimi, mpaka Muleba."