Kirungu cha Gia Kilichokataa Kunyooka

Jumamosi asubuhi Rudaina alipeleka gari ya marehemu kaka yake kwa Fundi Shamil, nyuma ya soko la mboga la Zarqa, akamwambia kwamba shida yenyewe ni ndogo: kirungu cha gia kimekaa upande. Ilikuwa gari ya michezo, nyekundu, ya viti viwili, imelala chini kama paka anayevizia. Juu ya kirungu kile cha chuma palichorwa ramani ya gia kwa mistari myeupe, na mistari hiyo ilipaswa kumwelekea dereva. Sasa ilimpa dereva bega, ikaelekea kiti cha kulia, cha abiria, maana gari za huko usukani wake uko kushoto.

"Kila nikiwasha gari nakinyoosha," alisema Rudaina. "Nikifika kazini, kimegeuka."

"Kimelegea hicho."

"Hakijalegea, ami. Kingelegea ningekielewa. Kinageuka huku kimekaza."

Shamil alikuwa Mcherkesi, wa wale ambao mababu zao walihamia kutoka milima ya kaskazini, mwenye masharubu ya mvi, na hapakuwa na kijana wa Zarqa mpenda mwendo ambaye gari yake hakuwahi kuitia mkono. Alikifungua kirungu, akasafisha meno ya skrubu, akayazungushia utepe ule wa mafundi bomba, akakirudisha na kuikaza nati ya chini kwa spana mpaka mistari ikanyooka sawasawa. Kisha akaketi kula mkate wake wa falafeli. Hajaumaliza, kirungu kikageuka polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini, kikatazama kulia.

Shamil akafuta vidole, akafungua tena, akatia gundi ya nati, akangoja ikauke. Kikageuka. Safari hii hakushika spana. Alikiwekea kirungu kiganja chake, akatulia kidogo, kisha akauondoa mkono na kuupangusa kwa kitambaa.

"Hapa pana mkono wa mtu," alisema. "Mimi nafunga nati. Mkono wa mtu siwezi kuufunga."

Akamwomba aiondoe gari mlangoni, maana kulikuwa na teksi inasubiri.

Kaka mtu, Mutaz, alikufa mwanzo wa msimu wa matikiti, kwenye barabara ya Azraq. Walikuwa wawili garini, yeye na rafiki yake Hisham. Gari ilimgonga Mzee Sabri, muuza matikiti, alipokuwa akivuka na kiti chake mkononi, kisha ikajipigiza kwenye tuta. Mzee Sabri alikufa palepale, na Mutaz naye palepale. Hisham alitoka na vumbi kwenye suruali, akawaambia polisi kwamba Mutaz ndiye aliyeshika usukani. Gari ilikuwa ya Mutaz; hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Baba yao, Mzee Khalaf, alikwenda na wazee wa ukoo nyumbani kwa wafiwa, akasimama mbele ya wanaume na kukiri kosa kwa jina la mwanawe. Kahawa iliwekwa mbele yao, nao hawakuigusa, mpaka Ratib, mwana mkubwa wa Mzee Sabri, aliposema kwamba wamesamehe kwa ajili ya Mungu. Hapo ndipo vikombe vikainuliwa, sulhu ikafungwa. Tangu siku hiyo, kwenye harusi na matanga, Mzee Khalaf hukaa karibu na mlango, palipo na viatu vya watu. Hakuna aliyemwambia akae huko.

Rudaina aliiondoa gari karakanani, akaiegesha kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti. Akaweka mkono juu ya kirungu na kungoja. Muda si muda akausikia chini ya kiganja chake mkono mwingine, mkavu, wa baridi kidogo. Akaupapasa kidole kwa kidole. Kwenye gumba akakuta kovu la kopo la dagaa ambalo Mutaz alilifungua kwa papara utotoni, akakatika, na mama yao akampiga kwanza ndipo akamfunga kitambaa. Rudaina akamsalimu.

Ndipo akatambua kwamba gumba halikukaa mahali pake. Aliujaribu mkono wake wa kulia, vidole havikulingana. Akahamia kiti cha pili, akanyoosha wa kushoto, na hapo ukalala juu ya ule mwingine kidole kwa kidole. Kovu la dagaa lilikuwa la mkono wa kushoto, alikumbuka sasa. Na mtu anayeendesha gari yenye usukani kushoto hashiki gia kwa mkono wa kushoto.

Tena mkono ule haukuwa umepumzika. Ulikuwa unavuta, kwa nguvu na bila kuchoka, kutoka gia ya tatu kuelekea ya pili, kama wa mtu aliyeona mbele kitu ambacho dereva hajakiona. Ndio uliokuwa ukikisokota kirungu.

"Ulikuwa unataka apunguze," Rudaina alimwambia.

Mkono ukaendelea kuvuta. Akakaa nao hapo mpaka ilipoadhiniwa alasiri.

Nyumbani Mzee Khalaf aliingia garini, akafunga mlango. Alipotoka uso wake ulikuwa ule ule wa siku zote, ila ncha ya kilemba chake ilikuwa imelowa. Akawaita watu.

Walikuja Alhamisi: Haji Dhiyab, mzee aliyeongoza ile sulhu, Ratib, na Hisham pamoja na baba yake. Gari ilikuwa uani, chini ya mzabibu. Waliingia mmoja mmoja kwenye kiti cha dereva, bila kusukumana. Haji Dhiyab alivua pete yake kwanza, asije akamkwaruza marehemu. Ratib alikaa humo kitambo kabla ya kutoka. Hisham alikuwa wa mwisho. Aliweka mkono wake wa kulia juu ya kirungu, akainamisha kichwa.

"Ni yeye," alisema kupitia mlango uliokuwa wazi. "Aliniomba nimwachie usukani, nikakataa. Akaniambia, punguza, mbele kuna mtu. Akavuta gia. Mimi nikaupiga mkono wake."

Akalia. Rudaina akampa kitambaa, na baadaye hakujua kwa nini alimpa.

Wakaingia ndani, kahawa ikaletwa. Haji Dhiyab alisema kwamba hakuna mwenye shaka hata chembe. Mkono ni wa Mutaz, ni wa kushoto, na kijana amekiri mwenyewe. Lakini sulhu ilifungwa kwa jina lililotajwa mbele ya watu, na kahawa ikishanywewa hairudi kwenye birika. Hisham anaoa baada ya Ramadhani. Kufungua upya ni kutia koo mbili katika vita ambavyo Mungu amekwisha kuvizima. Baba yake Hisham alikuwa anatazama maua ya zulia.

"Na kaka yangu?" Rudaina aliuliza kutoka mlangoni.

"Kaka yako yuko mbele ya Mwenye kujua, mwanangu. Sisi ndio tuliobaki nyuma, na inabidi tuishi."

Kisha Ratib akamwambia Mzee Khalaf, taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

"Nilipata tabu sana kumsamehe Mutaz. Sasa mama anamtaja kwenye dua zake, amemzoea. Mkinipa mtu mwingine nimsamehe, itabidi nianze kwanza kumchukia. Na mimi nimechoka, Abu Mutaz."

Wote waliona kwamba anasema kweli, Rudaina naye akaona, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mzee Khalaf alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Kisha akainua kikombe, akanywa.

Baada ya hapo Rudaina hakukigusa tena kirungu kwa spana. Alizoea kuisoma ile ramani ikiwa upande, na kubadilisha gia mkono wake ukiwa juu ya wa kaka yake. Majirani wakipita hupunga: "Salaam, Rudaina. Salaam, Mutaz." Siku moja trafiki alimsimamisha, akamkumbusha kwamba abiria naye lazima afunge mkanda. Rudaina akaufunga mkanda wa kiti cha kulia, akaruhusiwa kwenda. Kwa polisi kesi ilibaki ilivyoandikwa. Hisham akaoa, Mzee Khalaf alialikwa, akaenda, akakaa karibu na viatu.

Siku ya Idi Kubwa walikwenda kwa kina Ratib, kama desturi inavyomtaka mkosaji. Mzee Khalaf alikwenda kwa teksi na sinia lake la biskuti za tende, kwa kuwa kiti cha kulia kilikuwa na mwenyewe. Alivua viatu, akaingia. Rudaina alibaki garini.

Punde Ratib akatoka na bilauri mbili za chai. Moja alimpa Rudaina dirishani. Na ya pili akazunguka nayo, akafungua mlango wa kulia, akauliza kama Mutaz alikuwa akipenda sukari nyingi. Rudaina akasema alipenda. Ratib akairudisha ndani, akaongeza sukari, akaja akaiweka juu ya kiti.

Kutoka sebuleni sauti ya Mzee Khalaf ilisikika ikisema yale yanayopaswa kusemwa: kwamba tumewakosea, na mtoto wetu amewakosea, na nyinyi mmetushinda kwa ukarimu. Ratib alichuchumaa kando ya mlango wa gari mpaka sauti ikamaliza.

"Mungu amsamehe," alisema, akikitazama kiti. Kisha akaufunga mlango polepole, chai isije ikamwagika.