Kinda wa Spika

...na hapo ndipo anaponiudhi, "wewe unasemaje," kila mara wewe unasemaje, kana kwamba mimi ndiye niliyeletewa huo mkataba, simu nimeibana kati ya sikio na bega, mkono uko kwenye swichi ya kinasa sauti kwa sababu kinda wa sanduku la pili ameanza kutikisa manyoya, na akitikisa hivyo huwa anataka kuimba, na Profesa, mkuu wangu hapa maabara ya ndege, alinisihi, dada, wimbo wa leo usinipotee, "upo?" nipo, nasikia, mume wangu yuko ng'ambo kwenye ujenzi na anataka jibu sasa hivi, karani wa kampuni kasimama mlangoni kwake, atie saini abaki miaka mingine miwili au arudi nyumbani, na mimi naangalia ndege... haimbi, anafungua mdomo tu, maskini, huyu kalelewa na spika, tangu aote manyoya baba yake ni spika, inamwimbia asubuhi na jioni wimbo safi wa dume hodari, naye anachotoa ni mkwaruzo, kama bawaba isiyotiwa mafuta, wakati mwenzake wa sanduku la kwanza tulimwekea dume hai, mzee mwenye hasira, anamdonoa, anamgeukia, ananyamaza kumsikiliza, na yule anaimba wimbo wote wa mzee pamoja na kosa la mzee, nikamuuliza Profesa mbona hivyo na sauti ni ileile, akasema hata watoto wa binadamu wako hivyo, sauti peke yake haitoshi, lazima awepo mtu wa kuwajibu, basi nikayabeba maneno hayo mpaka nyumbani nikamchapa nayo mume wangu kwa simu, unamfanya mwanao kinda wa spika, utamwimbia kwenye simu mpaka lini, mtoto hatasema huyu, nilifoka mpaka mama akaja kuchungulia, na mimi siongopi, mtu yeyote akuambie, langu naliweka mezani kila mmoja alione... ila mtoto anasema. Anasema mno. Anasema maji, bibi, sitaki, juzi kamfukuza paka kwa sauti yangu hasa, "toka hapa we mpuuzi," mama akacheka hadi akakaa chini, akasema mwanangu, huyu hakuokotwa, sasa huyo ana upungufu gani, ana bibi, ana mimi, ana mtaa mzima wa kumjibu, "ukinyamaza hivyo nielewe nini?" subiri kidogo, "karani ananitazama, mke wangu," mwache akutazame, si ana macho... akacheka, kicheko chake kifupi cha puani, kimefika kwenye simu kimekatikakatika, kimekosa ule mwisho wake, ile pumzi iliyokuwa inamalizikia shingoni kwangu jikoni, mimi nakoroga sufuria namkemea aondoke, na sitaki aondoke, jamani, lini nimekisikia kicheko hiki kizima, "kwangu mimi ni huyo mtoto tu," anasema, "ukiniambia ni kwa ajili ya mtoto, kalamu naiweka chini," na ingekuwa rahisi kweli, rudi kwa ajili ya mtoto, yuko tayari kuununua uongo huu kwa sababu nilimtengenezea mwenyewe, mimi niliyemwaga kapu la muuza nyanya mbele ya watu kwa vile alipanga nzuri juu na mbovu chini, nami nimempanga mtoto juu, na Profesa juu, na ndege juu, na huku chini nimejificha mimi, mwanamke mzima, anayelala upande mmoja wa kitanda kama mgeni, anayelitoa shati la mwenzake kabatini na kulirudisha bila kulifua ili lisipoteze harufu, hayo mbona sijawahi kuyafokea, kufoka nafoka kwa ajili ya mtoto, kwa ajili ya mama, kwa haki za watu wote, ila hili moja nikilifikia sauti inakuwa ndogo, sijui sentensi yake inaanzaje, labda ianze na mtoto hajambo, ndiyo, mtoto anaongea vizuri, usirudi kwa ajili yake, kisha lile jingine, ni mimi, ni mimi ninayekutaka, hata ukija bila kazi, hata tukigombana siku ya kwanza mlangoni, "halo?" anasema, "halo, upo?" nipo, mume wangu, niache nivute pumzi...