Mlima Usio na Maji

Fomu ya sensa ilikaa wiki nzima juu ya friji, na Mama Fébronie akawa anaipita kama mtu aliyegombana naye. Alikwisha kusema: yeye hahesabiwi. Wengine mle ndani wajiandike wakitaka, jina lake waliache.

Niyongabo, mwanawe, ambaye husukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini Westmead, alibembeleza mpaka akachoka, ingawa kwa kubembeleza hana mpinzani. Ndiye kitindamimba wa watoto watano, na mpaka leo anadeka. Alimweleza kwamba hapa Doonside, katika nchi iliyowapokea, kuhesabiwa hakumfukuzi mtu.

"Kambini walisema hivyo hivyo," Mama alijibu, akaendelea kumenya viazi.

Huko Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, kila walipoitwa kuhesabiwa, minong'ono ilizagaa kwamba safari hii watarudishwa Burundi kwa nguvu. Hofu hiyo Niyongabo aliielewa. Lakini mwanamke aliyelea watoto watano chini ya turubai, leo asionekane popote, kana kwamba hajawahi kuwako! Hilo lilimuuma sana.

Jumapili mchana Kelly, bintiye wa miaka kumi na mitatu, alikaa mezani na kazi yake ya shule juu ya Warumi. Kiswahili anakisikia vizuri, ila majibu yake ni Kiingereza, kwa hiyo baba akawa mkalimani wa Bibi.

Roma, alisoma Kelly, ilianza na vijumba vya udongo juu ya vilima kando ya mto. Ikameza jirani, kisha jirani wa jirani, mpaka bahari nzima ikawa katikati ya milki yake kama bwawa la mtu shambani. Na kila nchi ilipotekwa, nyuma ya askari alifuata karani wa kuandika watu na mashamba, ili kodi ijulikane. Mwili ulimsisimka Niyongabo. Karani Misri, karani Hispania, wote wanauandikia mji mmoja! Binadamu gani hao?

Wengine waliasi. Katika milima ya nchi inayoitwa Uturuki leo waliishi Waklita. Mfalme wao, kibaraka wa Roma, alipowalazimisha kuandikwa kwa mtindo wa Kirumi, walikataa, wakapanda kileleni. Wakatumwa askari elfu nne kuwafuata.

Mama Fébronie aliweka kisu chini. "Maji waliyatoa wapi huko juu?"

Kelly alifungua ukurasa uliofuata, akasoma kimyakimya, macho yakamtoka. "Bibi, how did you know?"

Askari walivizunguka vilima vyao. Waliothubutu kushuka waliuawa; waliobaki kiu iliwasalimisha. Niyongabo alitafsiri kwa sauti iliyopungua. Karibu miaka elfu mbili imepita, na mama yake, ambaye hakusoma hata darasa moja, aliujua mwisho wa habari kabla haujasomwa. Alimtazama kama anamwona mara ya kwanza.

"Na watoto wao?" Mama aliuliza.

Kelly alitafuta kwenye ukurasa huo, akatafuta na kwenye uliotangulia. "It doesn't say, Bibi. Nobody wrote about the kids."

Niyongabo alimweleza Mama kwamba habari za watoto hakuna aliyeziandika. Mama aliyakusanya maganda ya viazi yaliyokuwa mapajani. Kisha akasema, "Niyo, leta ile karatasi."

Niyongabo aliichukua haraka kabla hajabadili nia. Jina, akaandika. Umri. Nchi aliyozaliwa. Akafika kwenye swali la wanawake: amewahi kuzaa watoto wangapi? Hilo hakuuliza, alijaza mwenyewe: watano.

"Umeandika wangapi?"

"Watano, Mama. Mimi ndiye wa mwisho."

"Sita. Wewe ni wa tano."

Kalamu ilisimama. Kelly naye aliinua kichwa.

"Wa sita ni Irankunda," Mama alisema. "Alikuwa na miezi minne. Walipotuita kuhesabiwa nilikimbilia mlimani naye mgongoni, ninyi nikawaacha kwa shangazi yenu, wewe hujaanza hata kusema. Siku tatu. Maji yaliisha siku ya kwanza."

Niyongabo aliikata ile tano, akaandika sita.

"Hakuna nafasi ya jina lake, Mama," alisema mwishowe.

"Acha hivyo hivyo," Mama alijibu, akakishika tena kisu chake. "Naye ahesabiwe."