Kesho Usishuke Pwani

Chamima, msomaji wa matangazo, aliingia ofisini kwa Tuaibo, mkuu wa redio ya jamii, na hata salamu hakutoa. Alimtupia karatasi mezani.

"Hili sisomi."

"Limekosa nini?" Tuaibo akauliza, miwani puani.

Limekosa nini! Lo, mtu huyu! Tangazo lenyewe lilianza hivi: "Kwa heshima na taadhima, uongozi unapenda kuitaarifu jamii nzima kwamba, katika mwendelezo wa mchakato wa mashauriano shirikishi juu ya matumizi ya ardhi, kutafanyika mkutano wa pili..." Likateremka hivyo hivyo mpaka chini ya ukurasa. Siku na mahali vilifukiwa mwisho kabisa, msikilizaji akiwa keshalala.

Huo ulikuwa wakati gesi imepatikana chini ya bahari na wageni wa kampuni wamejaa mjini. Kijiji cha Mwambani, alikozaliwa Chamima, kilitakiwa kihamishwe bara, na pamoja nacho shamba la minazi la mama yake, bi Haula, minazi aliyoipanda marehemu baba. Lakini lazima wenyewe waulizwe kwanza. Mkutano wa kwanza Tuaibo aliandika tangazo la namna hii, Chamima akalisoma, na siku ilipofika hakutokea mtu. Wageni wakaandika kwenye ata, ile kumbukumbu ya mkutano, kwamba jamii ilialikwa na haina pingamizi. Sasa wanarudi kesho, mara ya mwisho. Wakikuta tena patupu, shamba limekwenda.

Juzi Chamima alikwenda kumlaumu mama yake. "Mama, mbona hamkuja? Si nilitangaza redioni?"

"Nilikusikia," bi Haula alimjibu bila kumtazama. "Nikasema, mwanangu ana sauti nzuri. Nikabeba kapu langu nikashuka kuokota chaza. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa, wanawake wote tulikuwa huko. Mtu anapanga mkutano saa nne ya bamvua halafu anauliza tulikuwa wapi? Na yale uliyoyasoma, ulikuwa unasema na nani? Na mimi hukusema."

Neno hilo lilimkaa Chamima kooni siku mbili, na leo akalitoa lote.

"Uliandika usifiwe na wakubwa," alimwambia Tuaibo. "Mama yangu umempaka mafuta kwa mgongo wa chupa!"

"Redio ina adabu yake, binti. Mimi nimesomea mjini Mocímboa, sikuokotwa."

"Adabu gani ya kumficha mtu habari ya shamba lake?"

Tuaibo akachukua kofia yake. "Litasomwa kama lilivyo," akasema, akaenda zake kuswali adhuhuri.

Chamima akakaa, akageuza karatasi upande mweupe. Kwanza aliandika matusi. Wezi, wanafiki, wala jasho la watu, yote aliyaweka, na roho ikamtulia kidogo. Kisha akajisomea kwa sauti, akaona aibu. Haya nayo yalikuwa mapambo, tena yake mwenyewe. Mama akishayasikia atajua tu kwamba bintiye kakasirika, lakini hatajua aende wapi.

Akayakata yote. Akamfikiria mama yake mlangoni, kapu mkononi, redio ikilia ndani, mguu mmoja umeshatoka nje. Ni neno gani litamrudisha? Si "uongozi". Si "mchakato". Kila neno ambalo mama asingelitumia kwa jirani yake alilipiga mstari, na "jamii" nayo ikaenda, maana hakuna mtu akiitwa jamii akaitika.

Saa ya matangazo ilipofika, akafungua maikrofoni.

"Mtu wa Mwambani, kesho usishuke pwani. Wanaotaka shamba lako wanakuja mbele ya msikiti, saa nne, maji yakiwa yamekupwa. Usipokuwepo, wataandika kwamba umekubali. Mara ya kwanza waliandika hivyo. Acha kapu. Njoo useme mwenyewe."

Akalisoma mara tatu. Alikuwa kwenye ya tatu Tuaibo alipoingia mbio, kofia imemwendea upande.

"Hicho kiti si chako tena! Umenisikia?"

"Nimekusikia," Chamima akasema, akamaliza kusoma, ndipo akainuka.

Kesho yake maji yalikupwa mpaka kule kwenye miamba, na chaza wakabaki na mchanga wao. Mwanamke hata mmoja hakushuka. Walijaa mbele ya msikiti, na wanaume ambao hawakwenda baharini wakasimama nyuma yao. Afisa wa kampuni alikuja na viti vichache tu. Aliwasikiliza asubuhi nzima, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikataa. Mwisho akainama akaandika ata yake kwa Kireno.

"Msomee mama yako," bi Haula akamwambia Chamima.

Chamima akasoma, akitafsiri. "Jamii ilihudhuria kwa wingi, na ilionyesha moyo wa kuendelea na majadiliano..."

"Nani kaonyesha moyo?" Bi Haula alikwisha simama. "Mimi? Wewe Wahida, wewe umeonyesha? Bwana, jana mwanangu alituita kwa maneno machache na sote tuko hapa. Na wewe andika machache. Walikuja. Walikataa. Basi."

"Mama, ata haiandikwi hivyo," afisa akasema.

"Basi hatutii dole gumba."

Watu wakaguna, na mguno huo haukuwa mzuri. Afisa akachukua karatasi mpya. Chamima akasimama nyuma ya bega lake, akisoma kila neno linavyotoka.

"Walikuja," akatangaza. "Walikataa..." Kalamu ilikuwa bado inakwenda. "Walikataa kwa sasa."

"Hiyo 'kwa sasa' umeitoa wapi?" Chamima akauliza. "Nani kaitamka hapa?"

Afisa akainua kalamu.

"Futa."

Akafuta. Bi Haula akachovya dole gumba kwenye wino, wa kwanza kabla ya wote, akalibandika hapo hapo baada ya "walikataa", pasibaki nafasi ya neno jingine.